Barua Pepe Zilipokwama: Tulichojifunza Kuhusu Saraka ya Majina



Wapo wafadhili waliotuandikia mara mbili bila kujibiwa, na zipo kamati za parokia zilizotuma ripoti za visima zisitufikie. Tunaomba radhi. Seva yetu ya barua pepe hapa Mpanda haikuwa imeharibika. Kosa lilikuwa letu, tulipobadilisha mtoa huduma wa intaneti. Tunalieleza ili ofisi nyingine za Katavi zisilirudie.

Kila kompyuta kwenye intaneti hutambulika kwa namba. Kwa kuwa watu hukumbuka majina kuliko namba, mwaka 1983 ilibuniwa saraka ya majina, ambayo mafundi huiita DNS. Majina yanayoishia na .tz yamewahi kusimamiwa na tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006. Barua inapotumwa, seva ya mtumaji huiuliza saraka: barua za ofisi hii zipelekwe wapi? Rekodi ya MX hutaja jina la seva ya kupokea, na rekodi nyingine hutoa namba yake.

Sisi tulisahihisha namba ya tovuti, tukasahau ya seva ya barua. Ni sawa na kuhama sanduku la posta huku watu wote wakiendelea kutumia S.L.P. ya zamani. Seva ya mtumaji ikikosa njia haikati tamaa upesi: hujaribu tena na tena, mara nyingi kwa siku 4 hadi 5, ndipo humjulisha mtumaji kuwa imeshindwa. Sisi huku hatukupata onyo lolote. Tuliona ukimya tu, tukadhani hakuna aliyeandika.

Ofisi ikipatwa na tatizo hili, ifuate hatua hizi:

1. Jitumieni barua kutoka anwani ya nje, kisha ijibuni. Mtajua kama zinazokwama ni zinazoingia, zinazotoka au zote.

2. Iulizeni saraka kwa amri ya nslookup mkiwa nje ya ofisi. Saraka ya ndani inaweza kutoa jibu tofauti na lile wanalopata watu wa nje.

3. Zikikwama zinazotoka, angalieni seva inauliza saraka ipi. Huenda bado inauliza ile ya mtoa huduma wa zamani. Zikikataliwa ziendako, kagueni rekodi ya SPF, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu.

4. Mkisharekebisha, vuteni subira. Jibu la zamani hutunzwa huko nje hadi muda wake uishe; sekunde 86,400 ni siku nzima. Ni vema kuupunguza muda huo kabla ya kuhama.

Aliyetufumbua macho ni mwenyekiti wa kamati moja, aliyepiga simu kuuliza mbona tuko kimya. Sasa tuna daftari la kuandikia kila badiliko: tarehe, namba ya zamani, namba mpya na jina la aliyebadilisha. Nanyi mkiandika msijibiwe, tafadhali pigeni simu.