Mrundikano wa Vitu Nyumbani na Afya ya Wanyama Wafugwao

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mjini na shambani, watu huishi pamoja na wanyama. Paka huwekwa ili wapunguze panya, mbwa huwekwa ili walinde nyumba usiku, na wako pia wanyama wanaofugwa kwa mapenzi tu. Nyumba hizo hizo aghalabu hujaa vitu: magunia matupu mvunguni mwa kitanda, makatoni juu ya kabati, madebe, viatu vikuukuu, magazeti ya zamani na nguo zinazosubiri kushonwa. Mrundikano huo huhesabiwa kuwa kasoro ya sura tu, jambo la kumwonea haya mgeni. Elimu ya viumbe yaonyesha kwamba jambo lenyewe ni zito zaidi. Rundo la vitu ni makao, na yafaa kuuliza ni makao ya nani.

Rundo hufanya kazi gani?

Kila kiumbe kinahitaji chakula, maji, maficho, na hali ya hewa inayokifaa. Rundo la vitu hutoa maficho na hali ya hewa kwa wakati mmoja. Hewa iliyonaswa baina ya nguo au karatasi haisogei, na hewa isiyosogea hupitisha joto kwa shida, kama ilivyo katika blanketi. Kwa hiyo ndani ya rundo joto halipandi wala kushuka kwa ghafula. Mwanga haufiki, na unyevu uliomo hauondolewi na upepo. Mahali pa namna hiyo panawafaa wadudu na panya kuliko panavyowafaa watu, paka au mbwa.

Fikiri juu ya panya. Panya mdogo wa nyumbani aweza kupita katika tundu lenye upana wa milimita 6 au 7 tu, na panya mkubwa hupita katika tundu la milimita 12 hivi. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Hupita kandokando ya ukuta, akiupapasa kwa sharubu zake. Vitu vinaporundikwa ukutani, panya hupata barabara iliyofunikwa, kutoka shimoni mwake mpaka kwenye gunia la unga.

Katika nyumba kama hiyo paka hulaumiwa kuwa ni mvivu. Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Sikio la binadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Sikio la paka husikia mpaka mitetemo 60,000 na zaidi. Hivyo paka husikia hata vilio vyembamba vya watoto wa panya ambavyo mwenye nyumba hawezi kuvisikia kamwe. Lakini paka huwinda kwa kuvizia na kurukia, na ili afanikiwe anahitaji mahali pa wazi pa kurukia. Anajua panya walipo, ila rundo limewajengea ngome.

Hatari ya panya haiishii kwenye unga uliotobolewa. Viroboto wa panya ndio waenezao tauni. Wilayani Lushoto, katika mkoa wa Tanga, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Viroboto wenye njaa waliotoka katika miili ya panya waliokufa walihamia kwa watu, na paka anayekamata panya mgonjwa aweza naye kuugua na kuuleta ugonjwa karibu na binadamu.

Kiroboto asiyeonekana

Mtu anapoona viroboto juu ya mwili wa paka au mbwa, hudhani kwamba hao ndio viroboto wote. Ukweli ni kwamba wengi zaidi hawako juu ya mnyama hata kidogo. Kiroboto jike aliyekwisha kunywa damu hutaga mayai yapatayo 40 kwa siku. Mayai hayo ni laini na hayagandi kwenye manyoya; huanguka popote mnyama anapolala au kujikung'uta.

Baada ya siku chache yai hutoa lava, mfano wa funza mdogo mweupe. Lava hanyonyi damu ya mnyama. Hula vumbi la vitu vya asili, na hasa mavi makavu ya viroboto wakubwa, ambayo kwa hakika ni damu iliyokauka. Lava hukimbia mwanga, na hewa kavu humwua. Ndiyo maana hapatikani katikati ya sakafu iliyofagiwa; hupatikana chini ya mkeka, katika mapindo ya gunia, na nyuma ya makatoni.

Kisha lava hujifumia kifuko na kuwa pupa. Uzi wa kifuko hicho hunata, na vumbi huugandia mpaka kifuko kisionekane. Katika nyumba yenye joto na unyevu, safari yote kutoka yai mpaka kiroboto mkubwa huchukua wiki tatu au nne. Lakini kiroboto aliyekamilika aweza kungoja ndani ya kifuko chake kwa miezi kadhaa, mpaka atakapohisi mtikisiko, joto, au kaboni dayoksaidi inayotoka katika pumzi ya kiumbe. Ndiyo sababu watu wanaohamia katika nyumba iliyokaa tupu hushambuliwa na viroboto siku ile ile waingiapo. Ni hatua za watu hao wenyewe zilizowaamsha.

Kupe na papasi

Kupe wa mbwa mwenye rangi ya hudhurungi ana tabia isiyo ya kawaida kwa kupe: anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba. Katika ukuaji wake humpanda mbwa mara tatu, na kila akishiba huanguka na kujificha katika nyufa za ukuta, mapengo ya mbao au vitu vilivyorundikwa. Jike mmoja aweza kutaga mayai elfu kadhaa kabla ya kufa. Kupe huyu huambukiza mbwa magonjwa ya damu, ambayo humdhoofisha mnyama na huweza kumwua.

Papasi ni jamaa wa kupe, na mahali pake hasa ni nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi katika ufa wake kabla ya mapambazuko. Katika miaka ya 1904 na 1905 wataalamu Dutton na Todd, waliokuwa wakifanya kazi nchini Kongo, na Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, walithibitisha kwamba papasi ndiye aenezaye homa ya vipindi, iitwayo pia homa ya papasi. Dutton mwenyewe aliambukizwa homa hiyo na akafariki huko Kongo mwaka 1905. Papasi aweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuhama chumba peke yake si dawa. Dawa ni kuziba nyufa, kuinua vitu kutoka sakafuni na kukitenga kitanda na ukuta.

Mnyama anahitaji nini?

Kuondoa rundo si mwisho wa kazi. Nyumba iliyo tupu kabisa nayo haimfai mnyama, hasa paka, ambaye anahitaji mahali pa kujificha na mahali palipoinuka pa kutazamia. Tofauti ni kwamba maficho ya paka yawe machache, yajulikane, na yaweze kusafishwa. Sanduku moja la mbao lenye kitambaa kinachofulika, pamoja na rafu moja iliyo tupu, vyatosha.

Joto limfaalo paka, yaani lile ambalo mwili wake hautumii nguvu ya ziada kujipasha wala kujipoza, ni baina ya nyuzi 30 na 38 za Sentigredi. Hii ndiyo sababu paka huota jua au hulala karibu na jiko wakati watu wanatafuta kivuli. Mbwa ni kinyume chake. Jasho lake hutoka kwa uchache tu katika nyayo, na njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema, ili maji yaliyo ulimini na kinywani yageuke mvuke na kuchukua joto. Kwa hiyo kibanda cha mbwa kilichoezekwa bati na kuwekwa juani chaweza kumdhuru. Kiwekwe kivulini, kipitishe hewa, na maji safi yasikosekane.

Paka huutambua mji wake kwa harufu. Anaposugua mashavu yake kwenye mguu wa meza hupaka harufu itokayo katika tezi za uso. Vyombo vyote vikihamishwa na kuoshwa kwa siku moja, alama hizo hupotea, na paka aweza kuhangaika, kukojoa ovyo au kukimbia nyumba. Ni bora kupanga chumba kimoja kimoja, na kubakiza kitambaa chake kimoja bila kukifua mpaka atulie.

Choo cha paka, ambacho chaweza kuwa karai la mchanga, kiwe mbali na chakula chake na kisafishwe kila siku. Sharti hili lina sababu ya kisayansi. Baadhi ya paka hutoa katika mavi yao vijimelea viitwavyo toksoplazima, ambavyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijimelea hivyo haviambukizi mara vitokapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Choo kinachosafishwa kila siku hakivipi muda huo. Hata hivyo kazi hiyo isifanywe na mama mjamzito ikiwa yuko mwingine wa kuifanya.

Vitu vidogo vinavyoua

Katika rundo la kawaida vimo vitu ambavyo kwa mnyama ni mtego. Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea nyuma. Akianza kumeza uzi wa cherehani, hushindwa kuutema, na uzi huo waweza kukata matumbo yake. Dawa za binadamu zisiachwe wazi. Paracetamol, ambayo mtu huimeza kwa maumivu ya kichwa, humwua paka hata kwa kidonge kimoja, kwa sababu ini lake halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja. Dawa nyingine za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa zenye permethrini, ni sumu kwa paka. Sumu ya panya nayo haichagui: paka au mbwa akila panya aliyelishwa sumu, aweza kudhurika.

Utaratibu wa kazi

Kazi ya kupanga nyumba hufanikiwa ikifuata mpango. Kwanza, vitu vya chumba kimoja vitolewe vyote nje, juani. Jua hukausha, na ukavu huua lava wa viroboto. Pili, vitu vigawanywe katika mafungu matatu: vinavyotumika, vya kuwapa wengine, na vya kutupa. Tatu, chumba kifagiliwe hadi pembeni na chini ya kila fanicha, na takataka zake zichomwe au zifukiwe mara moja. Nne, nyufa na matundu yazibwe kwa saruji au udongo. Tano, vitu virudishwe juu ya rafu au vichaga, kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni na ukutani, ili ufagio upite na paka apite. Nafaka ziwekwe katika mapipa au madebe yenye vifuniko.

Baada ya hapo, matandiko ya mnyama yafuliwe na kuanikwa kila wiki. Kiroboto anahitaji zaidi ya wiki moja kutoka yai hadi ukubwani. Anayefua kila wiki humkatiza njiani.

Usafi, hata hivyo, hauchukui nafasi ya chanjo. Mbwa na paka wote wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kwa ratiba ya mganga wa mifugo. Mtu aliyeumwa na mnyama aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja dalili, kwani dalili zikitokea huwa tiba karibu haipo.

Jaribio kwa wanafunzi

Wanafunzi waweza kupima wenyewe yaliyoelezwa hapa. Usiku, katika chumba chenye giza anamolala mnyama, sahani pana yenye maji na sabuni kidogo iwekwe sakafuni, na taa ya umeme imulike juu yake. Kibatari au mshumaa usitumiwe, kwa kuhofia moto. Viroboto huvutwa na mwanga na joto, hurukia sahani na kuzama, kwa sababu sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji ambao kwa kawaida ungewabeba. Idadi yao ihesabiwe kila asubuhi kwa siku 7 kabla ya kupanga chumba, kisha kwa wiki 4 baada ya kukipanga, na ichorwe katika grafu.

Yaelekea mstari wa grafu utapanda katika siku za kwanza baada ya usafi. Hiyo si ishara kwamba kazi imeshindwa. Mtikisiko wa ufagio umewaamsha waliokuwa wakingoja ndani ya vifuko, na wanaotoka hawana tena mahali pa kutagia penye usalama. Mwalimu awaulize wanafunzi kabla hawajaanza kuhesabu: ni baada ya siku ngapi mstari huo utaanza kushuka, na kwa nini?