Gari la Moshi la Kuwekwa Mezani

Sisi wa Usoke twalijua gari la moshi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka wa 1912, ikapita kwetu, na mwaka wa 1914 ikafika Kigoma; ndipo mizigo iliyochukuliwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi ikapandishwa katika mabehewa. Siku hizi lakini injini za dizeli ndizo zivutazo treni zetu, na tangu mwaka wa 2024 treni ya umeme yaenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mtoto wa leo alisikia jina la gari la moshi asijue moshi ulitoka wapi. Kwa ajili yake twaeleza kazi ya mafundi watengenezao magari ya moshi madogo, yaendayo kwa moto na mvuke wa kweli.

Wengi hudhani mfano mdogo hufuata kitu kikubwa kama kivuli. Sivyo, mfano ulitangulia. William Murdoch, Mskoti, alikuwa fundi wa mitambo ya kuvuta maji migodini huko Redruth, Uingereza. Mwaka wa 1784 alitengeneza kigari cha magurudumu matatu, chenye chombo cha kuchemshia maji na taa ya spiriti chini yake; kimo chake hakikufika nusu mita. Husimuliwa ya kuwa usiku mmoja alikijaribu katika njia ya kanisani, kikamponyoka, kikakimbia gizani na moto wake, hata kasisi wa mahali pale akapiga kelele akidhani ni Shetani. (Twacheka, lakini nani kwetu angalisimama?) Baadaye Richard Trevithick, wa nchi ile ile, naye alianza kwa mifano midogo; na tarehe 21 Februari 1804, huko Wales, mtambo wake mkubwa ulivuta tani 10 za chuma na watu 70 juu ya reli, mwendo wa kilomita 16 hivi.

Basi mvuke husukumaje? Mwalimu na atwae pampu ya baiskeli, azibe tundu kwa kidole, asukume mpini, kisha auachie: mpini warudi wenyewe, kwa kuwa hewa iliyobanwa yausukuma. Katika gari la moshi mvuke ndio usukumao, na mahali pa mpini pana pistoni iendayo mbele na nyuma ndani ya silinda, na fimbo yake huzungusha gurudumu. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hutoka kwa bomba la moshi kwa kishindo, ukivuta moto uwake zaidi.

Kazi ngumu ni kupunguza. Ukipunguza kila kipimo mara 10, ngozi ya chombo hupungua mara 100, lakini maji yaliyomo mara 1,000. Maji machache, ngozi nyingi: joto hupotea upesi. Tena gari lile la Rocket la mwaka wa 1829 lilikuwa na mirija 25 ya shaba, ipitishayo moto katikati ya maji. Mwenye kuiga akitia mirija 25 myembamba kama mabua, moto hukosa pumzi. Kwa hiyo hutia michache iliyo mipana. Kwetu sisi huyo ndiye fundi, ajuaye mahali pa kuacha kuiga.

Wazazi, angalieni: kopo lililozibwa lisiwekwe motoni hata kwa mchezo, maana mvuke usiopata njia hupasua chuma. Fundi mwema huunga shaba yake kwa lehemu ya fedha, kwa kuwa ile ya risasi huyeyuka maji yakikauka. Huweka na kilango chenye springi, kifunguke chenyewe mvuke ukizidi. Na kabla ya kuwasha moto wa kwanza hujaza chombo maji baridi pomoni, akayasukuma kwa pampu hata nguvu yake iwe mara mbili ya ile ya kazini. Maji hayatanuki kama mvuke; pakiwa na ufa, hutiririka tu. Jaribio hilo hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, hata chombo kikionekana kizima.