Malenga Mwalikwa na Wasikilizaji Wake: Kikao cha Ushairi Kinapohamia Mtandaoni

1. Utangulizi

Tarehe 18 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 na kufunga shule na vyuo. Amri za namna hiyo zilitolewa katika nchi nyingi duniani. Vikao vya hadhara vya ushairi, ambavyo uhai wake ni kukusanyika, vikakosa ukumbi, na vingi vikahamia kwenye mtandao. Kumbi zilipofunguliwa tena, kikao cha mtandaoni hakikutoweka, maana kilikuwa kimewakutanisha watu wa miji iliyo mbalimbali. Makala haya yanakusudia kueleza nafasi ya malenga mwalikwa katika kikao hicho, jambo analolipoteza anapoghani mbele ya kioo cha kompyuta au simu, na msaada anaoweza kuupata katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili.

2. Malenga mwalikwa ni nani?

Katika kikao cha hadhara, wasomaji huwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaojiandikisha siku ileile na kupewa dakika chache kila mmoja. Wa pili ni malenga mwalikwa: jina lake hutangazwa mapema, naye hupewa muda mrefu zaidi.

Mfano unaojulikana sana ni kikao cha Green Mill, mjini Chicago, kilichoanzishwa mwaka 1986 na Marc Smith, mshairi aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi. Kikao hicho kiligawanywa katika sehemu tatu: zamu ya yeyote atakaye, zamu ya mwalikwa, na mwisho mashindano ambayo waamuzi wake huchaguliwa miongoni mwa wasikilizaji. Hapo hadhira haikutakiwa kukaa kimya. Iliruhusiwa kushangilia, kupiga miguu sakafuni, hata kumzomea msomaji anayechosha. Yafaa ieleweke, basi, kwamba mwalikwa hakuwekwa juu ya wasikilizaji. Aliwekwa katikati yao, ili apimwe nao.

3. Hadhira ni sehemu ya shairi

Jambo hili si geni kwa Mswahili. Shairi la kimapokeo lina beti za mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Mara nyingi mshororo wa mwisho hurudiwa katika kila ubeti. Huo ndio kibwagizo. Anayesoma peke yake chumbani huweza kukiona kibwagizo kuwa marudio tu. Lakini shairi linapoghaniwa, wasikilizaji hukijua kufikia ubeti wa pili au wa tatu, na huweza kukipokea kwa sauti moja. Hapo malenga hupumzika, husikia kama maneno yake yameingia, kisha huendelea.

Katika Kongo yenyewe upo mfano mwingine. Kasala ya Waluba, ambayo Clémentine Faïk-Nzuji aliichambua katika kitabu kilichochapwa Lubumbashi mwaka 1974, humtaja mtu kwa majina yake na ya wazee wake ili kumsifu na kumwamsha moyo. Mwenye kutajwa huguswa, naye huitikia kwa machozi au kwa zawadi. Pasipo mwenye kuguswa, kasala hubaki orodha ya majina.

4. Kwa nini mtandao huvunja kiitikio

Wengi hudhani kwamba kasoro ya kikao cha mtandaoni ni ubovu wa mawasiliano tu. Hata hivyo, mawasiliano yakiwa mazuri kasoro hubaki. Sauti huchukua muda kusafiri kutoka simu hadi simu, na muda huo si sawa kwa kila mtu. Wanamuziki huanza kupoteza mwendo wa pamoja pindi sauti inapochelewa kupita milisekunde 30 hivi. Katika mazungumzo ya mtandaoni, ucheleweshaji mara nyingi hupita 100. Zaidi ya hayo, programu nyingi za mikutano huipa nafasi sauti moja yenye nguvu na kuzififisha nyingine, zikizihesabu kuwa kelele.

Matokeo yake ni kwamba watu 20 wakikipokea kibwagizo pamoja, husikika vipande vya maneno visivyopatana. Mwenye kikao hulazimika kuvifunga vipaza sauti vya wote isipokuwa cha mwalikwa. Malenga hughani katika ukimya, asijue kama amependwa au ameachwa. Na kikao kilichokuwa cha jamii hugeuka kuwa kama matangazo ya redio.

5. Majibizano kama njia mbadala

Hata hivyo, mapokeo ya Kiswahili yana njia nyingine ya kumwitikia malenga, nayo haidai sauti za pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa mashairi juu ya uhasama wa miji yao, kila upande ukisubiri neno la mwenzake. Karne iliyofuata, gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kuulizana na kujibizana kwa mashairi toleo baada ya toleo. Naye Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera, ambamo wahusika husemezana kwa zamu hadi wafikie mwafaka.

Katika majibizano, kuchelewa hakuharibu kitu. Kunampa mjibu nafasi ya kutafuta vina. Kwa hiyo mtandao usioweza kubeba kiitikio unaweza kubeba jibu.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo, wenye kuandaa vikao huko Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kisangani wanaweza kuzingatia mambo matatu. Kwanza, waalikwe malenga wawili badala ya mmoja, wa pili akiwa amepewa shairi la mwenzake mapema ili aje na jibu. Pili, kibwagizo kikabidhiwe mwitikiaji mmoja kwa niaba ya wote, na sauti itumwe bila picha, maana picha humaliza haraka salio la mwanafunzi. Tatu, mwalikwa asilazimishwe kuuacha usemi wa mji wake: Kiswahili cha Lubumbashi kikijibiwa kwa Kiswahili sanifu, au kinyume chake, tofauti zao husikika waziwazi. Kikao cha namna hiyo kikihifadhiwa kwa idhini ya wenyewe, kitaongeza pia matini za ushairi wa Kiswahili cha Kongo, ambazo hadi sasa ni chache mno katika maandishi.