Unguja bila kugusa mtaji: Siku tatu kisiwani kwa bei ya mwenyeji

MZIGO ukishafungwa Kariakoo na kukabidhiwa kwa wakala, mfanyabiashara aliyetoka Kampala, Bujumbura au Lubumbashi hubaki na siku mbili tatu za kungoja. Pengine lori halijajaa, pengine karatasi za forodha hazijatoka. Wengi humalizia siku hizo gesti, feni ikizunguka juu na simu mkononi, wakipiga kila saa kuuliza kama gari limetoka. Chumba kinalipiwa, chakula kinalipiwa, na mwili haujapumzika.

Safari fupi ya daladala kutoka hapo, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ndipo boti za Unguja zinapotia nanga. Safari ya baharini ni kama saa mbili. Hata hivyo, wapo wanaokuja Dar es Salaam kununua mali mara nne au tano kwa mwaka na hawajawahi kuvuka, kwa sababu Zanzibar wanaijua kwa picha za matangazo. Kwenye kisiwa kidogo cha Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, hoteli pekee iliyopo hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku. Anayefanya hesabu yake kuanzia hapo hana haja ya kuendelea kuhesabu.

Lakini Unguja ina bei mbili, na yeyote aliyewahi kununua vitenge anajua maana yake. Ipo bei ya mgeni na ipo bei ya mwenyeji. Raia wa nchi jirani anakaa katikati: kwa pasipoti ni mgeni, kwa ulimi ni mwenyeji. Gharama ya mapumziko yake itategemea ni mara ngapi atasomwa pasipoti na ni mara ngapi atasikilizwa.

Pasipoti husomwa kwanza kwenye dirisha la tiketi. Mgawanyo wa kawaida wa nauli za boti za kasi ni wa makundi mawili, mkaazi wa Tanzania na asiye mkaazi. Kiti cha daraja la kawaida kwa asiye mkaazi kimekuwa dola 35 kwa safari moja, wakati mkaazi hulipa kwa shilingi, chini ya nusu ya kiasi hicho. Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapopungukiwa. Katika hifadhi za taifa za Tanzania Bara, raia wa nchi wanachama ana kiwango chake cha kiingilio, cha chini sana kuliko cha mtalii wa kutoka ng'ambo. Kwenye boti, Mganda na Mswidi wanapanga foleni moja.

Wapo vishoka bandarini watakaojitolea kumkatia tiketi ya mkaazi kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Msafiri akatae. Vitambulisho huangaliwa wakati wa kupanda, na anayegundulika anaweza kupoteza boti, siku, na fedha aliyokwisha kumpa kishoka.

La pili ni bima. Tangu Oktoba 1, 2024, Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ilipangwa kuwa dola 44. Iulizwe kabla ya kukata tiketi. Pamoja nayo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti, si ndani ya begi lililobaki gesti Kariakoo, kwa sababu Zanzibar ina ukaguzi wake wa uhamiaji na afya hata kwa anayetokea Dar es Salaam.

Hesabu ya mtu mmoja kwa siku tatu, akilala mara mbili, inaweza kwenda hivi: boti kwenda na kurudi dola 70, bima 44, chumba cha kawaida dola 25 kwa usiku, yaani 50, kisha chakula na daladala dola 30 hivi. Jumla ni 194. Kati ya hizo, 114 zimeondoka kwenye madirisha mawili ambayo hayana mjadala. Kisiwa chenyewe, pamoja na bahari, chumba na pweza wake, kimegharimu dola 80. Si fedha ya kuokota, lakini si ule utajiri unaodhaniwa.

Hizo 80 ndizo zenye nafasi ya kubana, na anayeishi kwa kupatana bei ana mengi ya kumzidi mtalii hapo.

Kazi inaanzia kwenye lango la bandari Malindi, ambako papasi, kama Wazanzibari wanavyowaita madalali wa watalii, humvamia kila mwenye begi. Anayeitikia kwa Kiingereza amekwisha kupangiwa bei. Anayesimama, akasalimia kwa Kiswahili na kuuliza daladala za shamba zinapopakilia, huachiwa njia mara nyingi. Kiswahili cha Lubumbashi kitajulikana mara moja kuwa si cha Unguja, na hilo si kosa. Kisiwani salamu haiharakishwi, na muuzaji aliyesalimiwa vizuri huona haya kutaja bei ya Mzungu.

Teksi kutoka mjini hadi Nungwi, ncha ya kaskazini, huenda dola 40 hadi 50. Daladala namba 116 inakwenda huko huko kwa nauli isiyofika shilingi 5,000. Namba 309 inakwenda Jambiani, 324 inakwenda Bwejuu, zote kwa kupitia upande wa Paje. Vituo vya kupakilia mjini vimekuwa vikihamishwa, hivyo ni vyema kuulizia siku hiyo hiyo. Gari hujaa ndoo za samaki, magunia na watoto wa shule, na husimama kila kijiji. Anayetaka kurudi mjini jioni aulize gari la mwisho, kwa sababu vijijini magari hukatika mapema.

Chakula nacho kina saa na mahali pake. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, ni pazuri pa kukaa magharibi ikiingia, vijana wakirukia baharini kwa mbwembwe. Ila meza zake za kamba na pweza zimezoea mfuko wa mtalii, na bei isipoulizwa kabla ya sahani kujazwa, mtu atajilaumu. Wenyeji wenyewe hununua urojo mitaani, bakuli lenye kachori, bajia, viazi na chatne, kwa shilingi 2,000 au 3,000, na hilo ni mlo. Asubuhi, chai ya viungo na mkate wa ufuta karibu na soko la Darajani vinatosha hadi adhuhuri.

Malazi ya Mji Mkongwe, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni pamoja na nyumba za wageni za familia, zenye chai ya asubuhi ndani ya bei. Bei iulizwe kwa shilingi. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, na anayebadilisha dola zake benki au kwenye duka halali la fedha hapati hasara ya kubadilishiwa mezani kwa kiwango cha mwenye chumba. Aulize pia kama tozo ya miundombinu, inayohesabiwa kwa kila mtu kwa usiku, imo ndani ya bei.

Kuhusu ufuko, wengi huchagua kwa bei ya chumba na kusahau maji. Pwani ya mashariki, kuanzia Paje hadi Jambiani, ina vyumba vya bei nafuu na mchanga mweupe, lakini bahari yake hukupwa mbali sana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mnamo saa nne asubuhi na kurejea alasiri. Aliyekuja kuogelea asubuhi atakuta mchanga mtupu na wanawake wakihudumia mashamba yao ya mwani. Kuwatazama kuna faida yake kwa mtu wa biashara, kwani mwani huo husafirishwa nje ya nchi. Nungwi na Kendwa mtu huogelea karibu saa zote, ndiyo maana vyumba vya huko ni ghali zaidi. Njia ya katikati ni kulala mjini na kwenda Nungwi kwa daladala ya alfajiri.

Bei za vyumba hushuka wakati wa masika, Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mvua hainyeshi kutwa, na kwa anayetaka kulala na kula tu, hicho ndicho kipindi chake. Julai hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba, hata nyumba za wageni hupandisha. Mwezi wa Ramadhani, kula hadharani mchana hakuruhusiwi, na mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa hadi futari.

Sehemu moja haifai kubaniwa fedha hata kidogo, nayo ni chombo cha kuvukia. Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na Julai 18, 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mamia ya watu walipotea. Anayeitiwa jahazi au mashua ya mizigo kwa nauli ya chini, hasa miezi ya kusi bahari inapochafuka, aikatae.

Mfanyabiashara, akiona bei mpya, mkono humwasha. Pakiti za viungo za kupeleka nyumbani hazina neno. Karafuu kwa magunia ni habari nyingine: ununuzi wake uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kuzitorosha ni magendo. Bidhaa nyingine zinazotoka Zanzibar kwenda Bara hukaguliwa bandarini Dar es Salaam, na tofauti ya kodi hudaiwa hapo hapo. Mwenye kuvuka kupumzika aache fedha ya mzigo benki au kwa wakala anayemwamini, avuke na ile ya siku tatu tu.

Tiketi ya kurudi ikatwe pamoja na ya kwenda. Siku za Idi boti hujaa, na lori la Kariakoo halimngoji mtu aliyekwama Malindi.