Herufi Zinazopotea Njiani: Ugeuzaji wa Hati za Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa kuwa PDF katika Arua na Koboko

Ikisiri

Hati inayoandikwa Koboko na kuchapishwa Arua hupitia mashine kadhaa kabla ya kumfikia msomaji. Makala haya yanaeleza kwa nini herufi za lugha za West Nile, pamoja na ng' ya Kiswahili, hupotea au kuhama hati inapogeuzwa kuwa PDF, na jinsi ya kurekebisha kasoro hizo. Hoja kuu ni kwamba PDF haiharibu maandishi. Hugandisha uamuzi ambao kompyuta imekwisha kuufanya bila kumwuliza mwandishi. Kwa hiyo kasoro hutibiwa katika hati asilia, si katika PDF yenyewe.

1.0 Utangulizi

West Nile, kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ni eneo la lugha nyingi. Katika Arua, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, Kilugbara ndicho lugha ya wengi. Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 na inayopakana na Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni nyumbani kwa Wakakwa. Kinubi na Kiswahili husikika katika masoko ya miji yote miwili. Tangu mwaka 2007, mtaala wa Uganda umeelekeza kwamba watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili kuwa lugha rasmi. Matokeo yake ni kwamba karatasi nyingi za lugha hizi, zikiwamo vitabu vidogo vya kusomea, mitihani, matangazo ya afya na makala za kitaaluma, huandaliwa na watu wasio wapigachapa kwa taaluma, kwa kompyuta zisizolingana, na kufungwa kuwa PDF mahali popote panapopatikana umeme na printa.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ahadi yake ni moja: ukurasa uonekane vilevile popote unapofunguliwa. Ahadi hiyo hutimizwa kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo tatizo linapojificha. Ukurasa wenye kasoro nao utaonekana vilevile popote, na aliyeupokea hana njia rahisi ya kujua kwamba kuna herufi iliyokuwapo ikatoweka.

2.0 Herufi zenyewe

Kilugbara hutofautisha b na 'b, d na 'd. Alama ndogo inayotangulia konsonanti huonyesha sauti nyingine kabisa, si pambo: 'ba, yaani watu, haliandikwi ba. Kikakwa, kama Kibari ambacho ni ndugu yake wa karibu, kina konsonanti za namna hiyo, na huandikwa pia kwa herufi ŋ, kama katika ŋutu, mtu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuelewa uzito wa jambo hili. Ng'oa ni kitenzi cha mkulima shambani. Ngoa ni wivu au tamaa. Alama moja ikidondoka, sentensi hubaki sahihi kisarufi lakini maana huwa imeondoka.

Kwa jicho, alama hiyo ni moja. Kwa kompyuta ni angalau nne. Ipo alama iliyonyooka ya kibodi, U+0027. Zipo alama mbili za kunukuu zilizopinda, ya kufungua U+2018 na ya kufunga U+2019. Ipo pia U+02BC, ambayo mfumo wa Unicode unaihesabu kuwa herufi, si alama ya uakifishaji. Programu za kuandikia zimezoea Kiingereza. Mtu anapobonyeza alama iliyonyooka mwanzoni mwa neno, programu hudhani kwamba nukuu inafunguliwa na kuweka U+2018. Anapoibonyeza katikati ya neno, huweka U+2019. Kwa hiyo ng'ombe hupata alama inayoelekea upande mmoja na 'ba hupata inayoelekea upande wa pili, ingawa kidole kilibonyeza kitufe kilekile. Katika hati yenye kurasa arubaini, ambamo sehemu fulani zilinakiliwa kutoka kwenye simu, alama zote tatu zinaweza kukutana, na atakayelitafuta neno katika PDF atapata theluthi ya matokeo.

Kuna kero nyingine isiyotajwa sana. Alama zilizopinda hutumiwa pia katika lugha za Asia ya Mashariki, ambako hupewa upana wa herufi nzima. Programu ya ofisi yenye mpangilio wa lugha hizo, au inayoazima fonti ya Kichina kwa ajili ya alama hiyo peke yake, huacha pengo kubwa baada yake: ng' ombe. Mwandishi hufuta nafasi asiyoiona, na pengo hubaki, kwa kuwa hakuna nafasi pale. Ni fonti tu. Dawa ni kuichagua alama hiyo na kuipa fonti ileile ya maneno yanayoizunguka, au kuondoa lugha ya Asia katika mpangilio wa programu.

Uamuzi wa busara ni kuzima ubadilishaji wa nukuu wa kujiendesha kabla ya kuanza kuandika, kisha kutumia alama moja kwa kila kazi. Kwa Kilugbara na Kikakwa U+02BC inafaa zaidi, kwani kompyuta hulichukulia neno zima kuwa neno moja. Kwa ng' ya Kiswahili mazoea ya wachapishaji ni U+0027 au U+2019, na hakuna sababu nzito ya kuyapindua. La muhimu ni kutozichanganya.

3.0 Fonti isiyosafiri

Hati ya kawaida ya ofisi haibebi umbo la herufi. Hubeba msimbo wa herufi na jina la fonti, kisha hutegemea kwamba fonti hiyo ipo katika kompyuta inayoifungua. Tuseme mwalimu wa Koboko ameandika karatasi ya kusomea kwa fonti ya Charis SIL, ambayo ina herufi zote anazozihitaji, kisha akaituma kwa simu hadi duka la uchapaji la Arua. Kompyuta ya duka haina Charis SIL. Programu huchagua mbadala kimyakimya. Mbadala ukiwa na ŋ, hasara ni ya sura tu. Ukiwa haina, mahali pa herufi huonekana kisanduku kitupu, alama ya kuuliza, au ŋ iliyoazimwa kwenye fonti ya tatu, nene kuliko wenzake. Fundi wa duka, ambaye pengine hasomi Kikakwa, hubonyeza kitufe cha PDF. Tangu hapo kisanduku kimekuwa sehemu ya hati.

Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba hati igeuzwe kuwa PDF pale fonti inapoishi, yaani kwenye kompyuta ya mwandishi, na duka lipewe PDF ya kuchapa. Kama duka lazima lihariri, basi fonti isafiri na hati: Word ya kompyuta ina chaguo la kupachika fonti katika faili, ndani ya mipangilio ya kuhifadhi, na LibreOffice inalo katika sifa za hati. Baadhi ya fonti za kibiashara zina kizuizi cha leseni kinachokataza kupachikwa, na hapo programu huzibadilisha au kugeuza maandishi kuwa picha. Fonti za SIL, yaani Charis, Doulos, Gentium na Andika, hutolewa bure na hazina kizuizi hicho. Andika, ambayo jina lake ni la Kiswahili, ilisanifiwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na kwa vitabu vya madarasa ya mwanzo haina mpinzani wa karibu.

Tatizo gumu zaidi ni la faili za zamani. Kabla ya Unicode kuenea, waliozihudumia lugha zenye herufi za ziada walitengeneza fonti zao wenyewe kwa kuweka umbo la ŋ mahali pa herufi wasiyoihitaji, tuseme q. Katika kompyuta yenye fonti hiyo, mtu aliona ŋutu. Katika nyingine yoyote, qutu. Fonti hiyo ikipachikwa, PDF huonekana safi na kuchapika vizuri, lakini ndani yake bado imeandikwa q. Anayenakili mfano wa Kikakwa kutoka kwenye PDF ya namna hiyo na kuuweka katika makala yake atachapisha neno ambalo halipo katika lugha yoyote. Msomaji asiyeona, anayetegemea kompyuta imsomee kwa sauti, atasikia q. Kurekebisha kunawezekana, bali kwa uangalifu: amri ya kutafuta na kubadilisha iwekewe sharti la fonti, ili q zilizoandikwa kwa fonti ya zamani zigeuzwe kuwa ŋ (U+014B) na zile za majina ya kigeni ziachwe.

4.0 Maandishi yanayohama na yanayokatwa

Mistari huhama kwa sababu upana wa herufi hutofautiana kati ya fonti na fonti. Calibri ikibadilishwa kwa fonti pana zaidi, aya ya mistari kumi huwa ya kumi na mmoja, jedwali husukumwa ukurasa wa pili, na kichwa cha sehemu hubaki peke yake chini ya ukurasa. Fonti za Carlito na Liberation Serif zilibuniwa zilingane kwa vipimo na Calibri na Times New Roman kwa mfuatano huo; duka linalotumia LibreOffice likiziweka, sehemu kubwa ya malalamiko huisha. Ukubwa wa karatasi nao huchangia. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, ile ya Marekani 279. Programu iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani hunyang'anya kila ukurasa milimita 18, ambazo ni mistari mitatu au zaidi.

Mpangilio uliojengwa kwa kubonyeza nafasi mara ishirini hauwezi kuokolewa na yeyote. Utumike mpigo wa tabo au jedwali.

Kukatwa kwa maandishi ni jambo tofauti na kuhama, na huwadhuru zaidi wanaisimu. Kilugbara ni lugha ya toni, na uchanganuzi wake huhitaji alama juu ya irabu. Mwandishi anapochagua nafasi ya mistari iliyofungwa kwa kipimo kamili, mathalani pointi 12 kwa herufi za pointi 12, programu hutenga kimo hicho tu, na alama iliyo juu ya herufi kubwa inaweza kunyolewa. Makala inayojadili toni hutoka bila toni, na mhakiki huuliza hoja iko wapi. Safu za jedwali zilizofungwa kwa kimo maalumu hufanya vivyo hivyo kwa mstari mzima wa mwisho, na visanduku vya maandishi humeza kila kinachozidi mpaka wake. Katika hali zote hizo maneno yamo katika hati asilia, kwa hiyo anayehariki kwenye skrini hadhani kwamba yamepotea. Kimo kiachwe kiwe cha angalau, si cha kamili.

Herufi kubwa ya ŋ inastahili neno lake. Msimbo wake, U+014A, ni mmoja, lakini maumbo ni mawili: fonti nyingi huchora N kubwa yenye mkia, kama inavyozoeleka kwa Wasami wa Ulaya ya Kaskazini, ilhali uandishi wa lugha za Kiafrika kwa kawaida hupendelea ŋ ndogo iliyokuzwa. Fonti ikibadilishwa, jina la mtu mwanzoni mwa sentensi hubadilika sura. Si kosa la tahajia, ila mtoto wa darasa la kwanza hana namna ya kujua hivyo.

5.0 Ukaguzi kabla ya kuchapa

Wapo wanaoikwepa shida yote kwa kuchapa hati sahihi, kisha kuipiga picha na kuihifadhi picha hiyo kuwa PDF. Njia hii huhifadhi sura na kuua maandishi: hayatafutiki, hayanakiliki, hayasomeki kwa sauti. Kwa tangazo la siku moja inatosha. Kwa juzuu la makala au kitabu cha shule haifai.

Ukaguzi unaofaa huchukua dakika chache. Kwanza, hati ya PDF ifunguliwe kwenye kifaa kisicho na fonti iliyotumika. Simu ya mtu mwingine ni kipimo kizuri kuliko kompyuta ya mwandishi. Pili, itazamwe orodha ya fonti katika sifa za hati, ambako kila jina linapaswa kuonyeshwa kuwa limepachikwa. Programu ya bure iitwayo pdffonts hutoa orodha hiyohiyo, na safu yake ya uni huonyesha pia kama fonti ina jedwali la kuoanisha maumbo na misimbo ya Unicode. Tatu, yanakiliwe maneno matano au sita magumu, kama vile ng'oa, 'ba na ŋutu, na kubandikwa katika ujumbe mtupu wa simu. Kinachoonekana hapo ndicho kilichoandikwa kweli ndani ya hati.

Programu nyingi zina pia chaguo la PDF/A, kiwango cha kuhifadhia nyaraka kilichoanza mwaka 2005 kama ISO 19005-1, ambacho hulazimisha fonti zinazotumika kupachikwa. Ni chaguo jema kwa makala za mkutano. Hata hivyo, daraja lake la b, ambalo ndilo hutolewa zaidi, hudai ukurasa uonekane sawa tu. Halidai misimbo iwe sahihi. Hati ya Kikakwa iliyojaa q za fonti ya zamani inaweza kupita mtihani huo bila doa.