Uchaguzi wa Gia katika Gari Dogo la Umeme

Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza dogo la umeme liongozwalo kwa redio, lenye umbo la Porsche 934. Waendeshaji wa magari ya namna hiyo hupenda sana jaribio moja: huondoa gia ndogo iliyofungwa kwenye mhimili wa mota, wakaweka nyingine yenye meno mengi zaidi ili gari liende kasi. Mara nyingi gari hukimbia kwa dakika chache, kisha huzorota, na mota haishikiki kwa joto.

Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Na lichukuliwe gari ambalo gia ndogo ina meno 20, na gia kubwa izungushwayo nayo ina meno 80. Gia zilizomo katika ekseli hupunguza mizunguko mara 2 tena. Hivyo mota huzunguka mara 8 gurudumu lizungukapo mara 1. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 8 husogea karibu sentimita 25 kwa kila mzunguko. Mota ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, mwendo ni kilometa 22.5 kwa saa. Gia ya meno 20 ikiondolewa na kuwekwa ya meno 25, uwiano washuka kutoka 8 hadi 6.4, na mwendo wapanda hadi kilometa 28.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Ili magurudumu yalisukume gari kwa kani ile ile ya awali, mota sasa yapaswa kutoa kani ya kuzungusha mara 1.25, na katika mota ya sumaku za kudumu kani hiyo huongezeka sawia na mkondo wa umeme. Joto lizalikalo katika nyaya hufuata mraba wa mkondo, yaani 1.25 × 1.25, karibu mara 1.56. Meno matano yameongeza joto kwa zaidi ya nusu! Tena shaba ikipata joto ukinzani wake hukua, na sumaku hupungua nguvu, hata mota ikadai mkondo mkubwa zaidi kwa kazi ile ile.

Uwanja mfupi wenye kona nyingi, ambamo gari huanza mbio upya kila mara, wahitaji gia ndogo yenye meno machache. Vivyo hivyo nyasi na mchanga. Barabara ndefu iliyonyooka yastahimili meno mengi. Jambo lisahauliwalo ni matairi: tairi kubwa hufanya kazi sawa na kuongeza meno, ingawa hakuna gia iliyoguswa.

Mota za kisasa zisizo na kaboni hazikuifuta kanuni hii. Yafaa kuanza na gia iliyopendekezwa na mtengenezaji, kuongeza jino moja moja, kuendesha dakika chache, kisha kupima joto la ganda la mota. Likizidi kiwango cha mtengenezaji, jino lirudishwe. Kila gia ibadilishwapo mota husogezwa: kipande cha karatasi nyembamba hubanwa kati ya meno, skrubu zikakazwa, kisha karatasi ikatolewa, ili meno yaumane bila kukabana.