Usisubiri Kupambazuke: Dharura ya Wanaume Isiyosemwa

Nianze na kisa cha nyumbani. Kwetu ni Kivukoni, ng'ambo ya Mto Kilombero ukitokea Ifakara. Miaka hiyo daraja lilikuwa bado halijafunguliwa, tulivuka kwa pantoni. Kaka yangu, wakati huo ana miaka 19, aliamka saa kumi alfajiri uume umesimama na unauma. Hakuwa na hamu yoyote. Akadhani utatulia wenyewe. Akajifunika shuka, akadanganya ana homa, siku nzima hakwenda shamba la mpunga.

Jioni maumivu yalipomzidi akamwambia baba mdogo. Baba mdogo akamnong'oneza mama, jirani akadaka. Kabla giza halijaingia mtaa ulishatoa hukumu: huyo kategwa, kagusa mke wa mtu. Akaitwa mganga, akapaka dawa zake, akachukua hela, akaondoka. Usiku pantoni lilikuwa halivuki. Tulivuka kulipokucha, na kaka alipofika kwa daktari yalishapita masaa zaidi ya 26. Njiani nilimsikia mama akisema, "Mwanangu, ungesema jana asubuhi." Kaka akajibu, "Mama, ningeanzaje kukwambia?"

Mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti nisitaje jina. Anasema kama angesoma makala kama hii akiwa sekondari, asingejifunika shuka.

Hali hiyo kitaalamu inaitwa priapizimu, yaani uume kusimama kwa masaa mengi bila hamu ya tendo, au kukataa kulala baada ya tendo. Ndani ya uume kuna mirija miwili ya nyama laini kama sponji. Kawaida damu inaingia, inajaa, halafu inatoka. Kwenye aina ya kaka yangu, ambayo ndiyo inayowapata wengi, damu inaingia ila haitoki. Ikituama inaishiwa oksijeni, inakuwa nyeusi na nzito, na nyama zinaanza kufa polepole. Ndiyo maana madaktari wameweka mpaka wa masaa manne. Ukivuka hapo ni dharura, sawa na mtu aliyevunjika mguu. Baada ya siku nzima, madhara ya kudumu ni rahisi kutokea: kovu ndani, uume kupinda, na nguvu za kusimamisha kupungua. Ikifika siku mbili, wengi hawazirudishi kabisa.

Kwa nini kaka? Kwa sababu ana selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Chembe zake nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo. Zikinasa mguuni, mguu unauma. Zikinasa kwenye uume, ndiyo hivyo. Watafiti hukadiria kuwa karibu theluthi moja ya wanaume wenye sikoseli, au zaidi, hupatwa na hali hii maishani. Mara nyingi inaanza kidogo kidogo, saa moja au mbili usiku wa manane, kisha inaisha. Kaka alikuwa nayo miezi kadhaa na hakumwambia mtu.

Na si bahati mbaya kuwa ugonjwa huu upo kwetu. Mwaka 1954 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mtu aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo kwenye mabonde ya mbu kama Kilombero, vinasaba hivyo vimedumu vizazi na vizazi. Wazazi wawili wenye vinasaba hivyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Inakadiriwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Karibu nusu yao ni wa kiume. Baadhi yao wako madarasani tunakoenda kufundisha.

Lakini mshkaji wangu usiye na sikoseli, usijione umepona. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kokeini, na vidonge au sindano za kuongeza nguvu zinazotumiwa bila daktari vinaweza kuleta hali hii. Wale wa hosteli wanaomeza vidonge vya kuazimana kabla ya wikiendi, mnanielewa.

Kuna pia majeraha. Uume hauna mfupa, ila ukiwa umesimama unaweza kuvunjika, yaani gamba la ile mirija kupasuka. Mtu husikia mlio "ta!", uume unalala ghafla, unavimba na kuwa mweusi kama bilinganya. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, ushonwe mapema. Ukiona damu kwenye tundu la mkojo au mkojo ukagoma, huenda mrija wa mkojo nao umeumia. Na sisi watu wa baiskeli tujue hili: ukianguka na bomba la baiskeli likakupiga katikati ya mapaja, mshipa unaweza kupasuka ndani, uume ukasimama nusunusu bila maumivu. Huo hauna haraka kama ule wa kwanza, lakini daktari ndiye wa kuutofautisha.

Hospitali wanafanya nini? Wanatia ganzi, wanaingiza sindano pembeni ya uume na kuvuta ile damu nyeusi, wanasafisha kwa maji ya chumvi, kisha wanachoma dawa ya kubana mishipa. Ikishindikana wanafanya upasuaji mdogo wa kuitengenezea damu njia. Mwenye sikoseli anapewa pia maji na dawa za maumivu. Kaka alifanyiwa yote hayo. Maumivu yaliisha. Nguvu hazikurudi kama zamani, na mpaka leo anaogopa kuoa.

Ikikutokea: kojoa, kunywa maji mengi, tembea kidogo, oga maji ya uvuguvugu, meza dawa ya maumivu. Mwenye sikoseli asiweke barafu. Tazama saa ilipoanza. Isipotulia, usifikishe masaa manne ukiwa nyumbani. Panda boda uende. Na kama inakurudia usiku, iseme kliniki hata usipoulizwa.

Kwetu walimu watarajiwa nina neno moja. Mwanafunzi mwenye sikoseli aruhusiwe chupa ya maji na ruhusa ya chooni bila maswali. Na kijana anayekataa kusimama kwenda ubaoni huenda si jeuri. Mwite pembeni, muulize kwa upole, na akikwambia, usicheke.

Daraja letu lilizinduliwa rasmi 2018. Siku hizi kutoka Kivukoni hadi hospitali Ifakara unavuka saa yoyote, hata usiku wa manane. Kaka huwa anasema pantoni lilimchelewesha usiku mmoja tu. Ule mchana mzima alijichelewesha mwenyewe kwa aibu.